Bikoni ya Chumba Namba Kumi na Mbili

Siku ya kuniaga mlinipa tangi la maji la plastiki, jeusi, kubwa kuliko jiko langu, na mmoja wenu akauliza kwa sauti kama nimechukua kibali cha kujenga msingi wake. Mlicheka sana. Sijachukua. Tangi bado limelala ubavu nyuma ya nyumba kama ng'ombe aliyevimbiwa, na mke wangu hulizunguka bila kulitazama, jinsi anavyonizunguka mimi tangu nianze kushinda nyumbani.

Mliniomba pia niwaandikie wanaoingia kazini kitu kuhusu miaka yangu katika ukaguzi wa majengo hapa Eldoret. Nimekubali kwa uchovu tu. Kukataa kungehitaji barua. Habari za vyeo sitazigusa. Nilipanda nilipopandishwa na kukaa niliposahauliwa, na mara nyingi nilisahauliwa.

Nilianza kazi nikiwa na digrii ya mipango ya miji, viatu vipya vya ngozi, na maoni. Hakuna aliyeuliza kuhusu maoni. Nilikabidhiwa kwa Mzee Wafula, mkaguzi ambaye hakumaliza sekondari na ambaye aliujua kila mfereji wa mji huu kwa harufu yake. Vifaa vyake vilikuwa vinne: futi ya chuma ya kupimia, kopo la rangi nyekundu, brashi, na nondo iliyonolewa ncha, ndefu kumzidi kidogo. Rangi mnaijua. Ni ya kuchora alama ya X kwenye ukuta uliojengwa bila kibali. Nondo ndiyo iliyonishangaza. Nilidhani ni ya mbwa.

"Hii ni ya bikoni," aliniambia siku hiyo ya kwanza, huku akiidunga ardhini kwenye ploti fulani kama mtu anayetafuta viazi. Bikoni ni kipande cha zege chenye chuma katikati, ambacho sorveya hukizika kwenye kila kona ya ploti. Hati na ramani zote huanzia hapo, na kesi za majirani pia. Lakini udongo wetu hupanda, matope hufunika, na baada ya miaka michache bikoni iko chini na hakuna anayeiona. Nilimwambia Mzee kwamba kulikuwa na ua wa kayaba umenyooka vizuri kabisa, na kwamba tungeweza kupimia hapo tukarudi kunywa chai.

"Kijana," alisema bila kuacha kudunga, "hiyo kayaba ilipandwa na mtu na shemeji yake, Jumamosi. Sorveya hakuwepo."

Tulidunga mpaka adhuhuri. Bikoni ilikuwa hatua tatu ndani ya ua. Niliandika jambo hilo kwenye daftari langu, nikalipigia mstari, na katika mwaka wangu wa tatu nikalisahau.

Mwaka huo Mzee Wafula alikwenda kwao kuzika ndugu yake, nami nikatumwa mtaa wa Pioneer peke yangu. Mwalimu mmoja wa shule ya msingi, anaitwa Tabitha, alikuwa amepeleka ramani ya vyumba sita vya kupangisha, vilivyojipanga mstari mmoja, mlango kwa mlango. Kazi yangu ilikuwa kuthibitisha mipaka kabla msingi haujachimbwa. Mvua ilikuwa imenyesha tangu asubuhi, ile mvua yetu ya kuotesha mahindi, inayomfurahisha kila mtu aliye shambani na kumtesa kila mtu aliye na viatu vya ngozi. Nondo nilikuwa nayo. Niliidunga mara mbili, mara ya pili ikanasa kwenye matope na kiatu changu cha kushoto kikanasa pamoja nayo. Upande wa barabara kulikuwa na ua wa kayaba, umenyooka vizuri kabisa.

Nilipiga kigingi kando ya ua, nikamwambia fundi wa Mwalimu, "Mpaka wenu ni hapa," na kwenye faili nikaandika maneno mawili: Bikoni imeonekana. Nikatia sahihi. Mwandiko wangu wakati huo ulikuwa mzuri, mnene, wa mtu anayetarajia kusomwa.

Baada ya hapo ilikuja miaka ya X, ambayo wengi wenu mliikuta ikielekea mwisho. Mji ulikuwa unakua kuliko ofisi. Watu walishuka kutoka kila upande, kutoka Moiben na Kesses, kutoka upande wa ziwa, wakitafuta kazi viwandani na hospitalini, na wote walihitaji chumba kimoja chenye mlango unaofungika. Wenye ploti waliongeza vyumba nyuma, mbele, na juu pale ukuta ulipoweza kuvumilia. Kibali kilichukua miezi, chumba kilichukua wiki mbili. Sisi tulipita na kopo la rangi. Watoto wa Pioneer walinijua, wakinitangulia wakipiga kelele, "Mzee wa X amekuja!" na nikifika kila fundi ameshakuwa mpita njia. Mke wangu alikuwa akisoma siku yangu kwenye suruali: tone moja jekundu, siku nyepesi, madoa mpaka gotini, usimwongeleshe.

Nitawaambia nilichokiona, kisha mfanye mtakavyo. Nyumba niliyoichora X ikibomolewa kweli, sikuwahi kurudi nikakuta mahali pake vyumba vizuri zaidi vya watu walewale. Nilikuta gorofa yenye vigae na geti, na ndani yake watu wengine. Wale wa kwanza walikuwa wamehamia mbali zaidi, kwenye chumba kingine kisicho na kibali, ambako baada ya mwaka mmoja hivi nilifika na kopo langu. Kuna mama mmoja nilimchorea X mara tatu katika maisha yake. Mara ya tatu alinikaribisha chai.

Kwa hiyo ofisi ilipofungua dirisha la kuhalalisha, nilikuwa miongoni mwa wachache waliofurahi, ingawa kwa umri wangu nilifurahi nikiwa nimekaa. Mpango ulikuwa rahisi kuusema. Mwenye ploti aliyejenga bila kibali alete mchoro wa jengo lilivyo, si lilivyotakiwa kuwa. Injinia apime kama kuta na nguzo zinabeba. Choo, maji na njia ya kutokea moto ukizuka vikaguliwe. Kinachorekebishika kirekebishwe, kisha apewe cheti na wapangaji wake wakae. Aliyejenga nje ya mpaka wake kwa kujua, maombi yake yote yakataliwe. Hicho kifungu cha mwisho kilinipita masikioni siku kiliposomwa. Kingeniuma baadaye.

Ugumu ulikuwa kuwapata wenye ploti. Ukimwambia mtu ambaye kwa miaka yote umekuwa ukimchorea X kwamba sasa unataka kumsaidia, anakuangalia kama fisi aliyekuja kuomba kazi ya kuchunga mbuzi. Nilikaa kwenye kreti nyingi za soda, nikanywa chai nyingi, nikirudia maneno yaleyale. Mwalimu Tabitha alikuwa miongoni mwa wale wa kwanza kuleta karatasi zake, zimepangwa vizuri, zimetobolewa na kufungwa kwa uzi. Alikuwa amestaafu ualimu. Vyumba vyake sita sasa vilikuwa kumi na viwili. Vile sita vya pili alivijenga bila kibali, mstari uleule, kuelekea barabarani.

"Nilijenga ndani ya mpaka wangu," aliniambia pale uani tulipokwenda na sorveya, dada mmoja mtaratibu anaitwa Jepkosgei. "Hilo sina wasiwasi nalo. Kuna kijana wa ofisi yenu alinipigia kigingi mwenyewe. Kijana mwembamba, nywele nyingi. Alikuwa na viatu vizuri sana."

Alinitazama akisema hivyo. Mimi sasa ni mtu wa kilo nyingi na nywele chache. Nilitazama viatu vyangu, ambavyo ni vya mpira, nikasema, "Ofisi ilikuwa na vijana wengi."

Jepkosgei hakuwa na nondo. Alikuwa na chombo cha miguu mitatu kinachoongea na setilaiti, nacho kilimpeleka moja kwa moja, hatua kwa hatua, mpaka kwenye mlango wa chumba namba kumi na mbili. Akasimama. Akarudi nyuma, akapima tena. Akasimama palepale.

"Bikoni iko humu ndani," alisema.

Tulibisha hodi. Aliyefungua ni Mama Atieno, mfanyakazi wa usafi hospitalini, mama mpana wa sauti kubwa, amekaa chumba hicho miaka kumi na minane na kulelea watoto watatu humo, mmoja wao sasa ni nesi. Chumba kilikuwa safi kiasi cha kutuaibisha. Kitanda nyuma ya pazia, makochi yenye vitambaa vilivyofumwa, na kwenye kona, juu ya kitu fulani, pipa la maji.

"Mama, tunaomba tuangalie chini ya hilo pipa," Jepkosgei alisema.

"Chini ya pipa kuna jiwe yangu," Mama Atieno akajibu. "Jiwe ina nini? Nilikuta hapa. Inaweka pipa juu, panya haifiki."

Tulihamisha pipa, mimi na maumivu yangu ya mgongo. Ilikuwa pale. Zege, na chuma katikati kimeng'aa kwa kusuguliwa. Sakafu ilikuwa imemwagwa kuizunguka kwa uangalifu, kama mtu anavyopanga mawe kuzunguka kaburi. Fundi alikuwa ameikuta akichimba msingi. Kung'oa bikoni ni kesi, na kwa wazee wetu ni zaidi ya kesi. Mtu aliyehamisha mpaka hufuatwa na mabaya mpaka kwa wajukuu. Basi hakuing'oa. Wala hakumwambia mtu. Alifuata kigingi changu kama alivyoambiwa, akajenga chumba juu ya bikoni, akaiachia nafasi yake ipumue, akaenda zake.

Kutoka hapo mpaka ulikwenda mshazari, ukakata namba kumi na mbili na namba kumi na moja, ukaiacha kumi salama. Vyumba hivyo viwili vilikuwa vimeingia kwenye ardhi ya barabara.

Mwalimu Tabitha alikaa kwenye kochi la mpangaji wake. "Kwa hiyo mimi ni mwizi wa barabara," alisema. "Darasani nilikuwa napiga watoto kwa sababu ya mstari usionyooka."

"Mwalimu, usilie kwa kochi yangu," Mama Atieno alimwambia. "Mimi ndio nakaa kwa barabara na silii." Kisha akanigeukia. Watu wa Pioneer huniita Injinia. Mtu yeyote mwenye futi huitwa hivyo, na mimi sikuwahi kukataa. "Injinia, sasa yawa, jamani, tutafukuzwa ama?"

Nilisema tungeona. Hilo ndilo jibu langu la miaka yote, na sidhani kuna aliyewahi kuona chochote kwa sababu yake.

Kikao cha kamati kilikuwa Alhamisi. Nilikuwa nimebakiza miezi mitatu nistaafu. Mwenyekiti wetu, mtu mwangalifu anayesoma kila karatasi mpaka mwisho na ambaye kwa hiyo hapendwi, alifungua faili ya zamani ya Mwalimu na kusoma kwa sauti: "Bikoni imeonekana." Akavua miwani. Hoja yake ilinyooka kama ule ua wa kayaba. Ikiwa bikoni ilionekana wakati wa msingi wa kwanza, basi mwenye ploti alijua mpaka uko wapi. Alipoupita miaka ya baadaye, aliupita kwa kujua. Maombi yakataliwe, vyumba vyote sita visivyo na kibali vichorwe X, na vile vya kwanza navyo vichunguzwe upya.

Nilihesabu milango kichwani. Nyuma ya kila mlango nilimwona mtu na pipa lake.

Ningependa kuwaambia kwamba nilisimama. Sikusimama. Niliinua mkono nusu, kama mtu anayeomba ruhusa ya kwenda msalani.

"Huo mwandiko ni wangu," nilisema.

"Tunajua ni wako, Mzee Rono. Kuna sahihi."

"Sikuiona."

"Hukuona nini?"

"Bikoni. Sikuiona. Nilipimia kwenye ua. Kigingi ni mimi nilikipiga."

Mwenyekiti alivaa miwani, akaangalia karatasi, kisha akaniangalia mimi, kana kwamba mmoja wetu angebadilika.

"Sasa uliandika kwa nini?"

Nilikuwa nimepata zaidi ya miaka ishirini na mitano ya kuandaa jibu la swali hilo. "Kulikuwa na mvua," nilisema.

Barua yangu ya onyo ilikuja wiki iliyofuata, imeandikwa vizuri. Niliiweka kwenye faili yangu, ambayo nayo ilikuwa inakaribia kufungwa. Lakini kamati iliandika kwamba kosa lilikuwa la mkaguzi, si la mwenye ploti. Vyumba kumi vingepewa cheti na kubaki. Kumi na moja na kumi na mbili viondolewe, bikoni iachwe wazi.

Nilikwenda kuwaambia mwenyewe. Katika chumba namba kumi na moja aliishi kijana wa boda boda, mpole, anaitwa Kevo. Alisikiliza, akasema, "Sawa tu, Mzee," na kabla ya mwisho wa mwezi alikuwa amefunga godoro lake kwenye pikipiki na kuondoka. Majirani walidhani ameenda Kesses, ambako kuna vyumba vya wanafunzi. Sikumuuliza anakwenda wapi. Ninawaandikia hili kwa sababu ni rahisi kumsahau mtu asiyepiga kelele, nami nilimsahau kwa wiki nzima.

Mama Atieno alipiga kelele. "Kwa hivyo hiyo kijana ya viatu ni wewe?" Aliangua kicheko kisichokuwa cha furaha. "Injinia! Ulinipimia nyumba ukiogopa matope! Mimi naosha damu ya watu kila siku, na wewe matope?"

"Ndiyo, Mama."

"Na sasa unaniambia 'ndiyo, Mama' kama mtoto ya Sunday school. Niende wapi? Huko kwingine bei ni mara mbili ya hii na maji hakuna."

Kwa bahati nilikuwa na pua. Kila nilipopita chumba namba moja pale kwa Mwalimu nilisikia harufu ya mahindi makavu. Hakikupangishwa kamwe. Mwalimu alikitumia kama stoo ya mavuno ya shamba lake la Moiben. Nilimweleza kwamba Mama Atieno angeweza kuhamia humo. Alinitazama kana kwamba nimependekeza amhamishe mama yake mzazi.

"Na mahindi yangu yataenda wapi?"

"Shambani kuna ghala, Mwalimu."

"Ya shambani wezi wanajua. Hapa hawajui."

"Kila mtu Pioneer anajua," nilisema. "Yananuka mpaka barabarani. Ambako pia ni kwako, kulingana na faili."

Nilijuta palepale. Lakini alicheka kidogo, mara ya kwanza tangu siku ya kochi, akasema nina mdomo mbaya kwa mtu mwenye kosa. Alifikiria siku tatu. Ya nne lori likaja kuchukua magunia, na Mama Atieno akashinda siku mbili akifagia dumuzi wa mahindi kwa hasira, akiimba nyimbo za kanisani kwa sauti iliyokusudiwa mimi niisikie. Mwalimu ameahidi kutopandisha kodi. Sina mahali pa kuandika ahadi kwenye cheti, fomu haina hiyo sehemu, na sitashangaa mkiniambia siku moja kwamba amepandisha. Nimechoka kushangaa.

Ukaguzi wa mwisho ulikuwa kazi yangu ya mwisho. Kuta za vyumba viwili zilikuwa zimeshushwa tofali kwa tofali, mabati yamepangwa pembeni. Sakafu ya Mama Atieno ilikuwa imebaki nje, jua likiipiga, nyekundu bado kwa rangi ya kung'arisha aliyoipaka miaka yote. Na kwenye kona ya hiyo sakafu, bikoni, na juu ya bikoni, pipa la maji.

"Mama, chumba kipya kina nafasi ya pipa," nilimwambia.

"Nafasi iko. Jiwe hakuna." Alikuwa amesimama mlangoni pa namba moja, mikono kiunoni, sare ya hospitali tayari mwilini. "Toa mwenyewe kama unataka kuona. Mimi nachelewa kazi."

Nililisukuma. Lilikuwa limejaa, na maji yakanimwagikia viatuni. Nikapiga magoti kwenye vumbi la tofali lililogeuka tope, nikafuta ile zege kwa kiganja mpaka namba yake ikasomeka, nikailinganisha na ramani, tarakimu kwa tarakimu. Kisha nikatoa fomu. Mwandiko wangu siku hizi unatetemeka na hauombi kusomwa na mtu. Nikaandika: Bikoni imeonekana.

Nikatia sahihi, nikarudisha pipa mahali pake, nikaenda nyumbani. Mke wangu aliangalia magoti ya suruali, akaona si rangi, akaniuliza nilikuwa wapi.